Usiifute, usiirushe

Shangazi, siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, nilirekodi kwa simu yaliyotokea mtaani kwetu. Intaneti ilikuwa imezimwa, nikashindwa kuirusha video. Iliporudi, polisi wakaonya wanaosambaza picha za taharuki. Mama ananisihi niifute, rafiki zangu wananiita mwoga. Usingizi sipati. Nifanyeje?
Kijana, Mbeya

Mwanangu, wote hao wanakusukuma uamue haraka, nami sioni haraka inatoka wapi. Ushahidi uliotunzwa hauozi.

Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Lakini kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo au za kupotosha: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Na video iliyokatwakatwa, isiyo na tarehe wala mahali, ndiyo rahisi kuitwa ya uongo.

Kwa hiyo ibaki kama ilivyo. Usiikate, usiitie muziki wala maandishi. Faili la awali hubeba tarehe na saa, pengine hata mahali. Ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa na taarifa hizo zinapotea. Inakili kwenye memori kadi, ikae kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba yenu. Kaa pia uandike ulisimama wapi, ulielekea upande gani, na nini kilitangulia kabla hujaanza kurekodi. Kumbukumbu inachakaa upesi kuliko simu.

Kisha itazame upya, safari hii ukiangalia nyuso. Jirani aliyesimama mlangoni na majeruhi aliyebebwa hawakukupa ruhusa. Akiipata mwenye nia mbaya, atawatafuta mmoja mmoja. Ndiyo maana nakukataza kuitupa kwenye magrupu.

Ukitaka itumike, nenda kwa wakili, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au mwandishi mzoefu. Nenda mwenyewe, usimalize mambo kwa simu. Kabla hujawapa chochote, waulize watalifichaje jina lako na nyuso za waliomo. Wakibabaika, ondoka nayo.

Mama yako usimdharau. Mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka Kibiti Novemba 2017, na hadi leo hajaonekana. Hofu ya mzazi ina sababu. Mweleze kwamba hutairusha, na kwamba nakala haitakaa chini ya paa lake.

Hao rafiki hawatakaa mahabusu kwa niaba yako. Kuanzia leo usiwatajie tena video hiyo. Asiyejua ilipo hawezi kukuponza.