Ruta Iliyozimia Si Ruta Iliyokufa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ruta ni chombo kinachogawa intaneti kwa kompyuta nyingi. Kwa nje ni kisanduku chenye taa. Kwa ndani ni kompyuta kamili, yenye kumbukumbu ya muda na kumbukumbu ya kudumu. Katika kumbukumbu ya kudumu ndimo inamokaa femuwea, yaani programu inayokiamuru chombo chote. Mara kwa mara watengenezaji hutoa femuwea mpya ili kuziba nyufa ambazo wezi wa mitandao waweza kupenya. Basi kuibadilisha ni jambo jema. Lakini kazi hiyo ikikatizwa katikati, ruta yaweza kukataa kuamka, na watu husema imekufa. Makusudi ya makala hii ni kuonyesha kwamba mara nyingi haikufa, bali imezimia tu.

Jambo hilo lilitupata hapa shuleni muhula uliopita. Umeme ulikatika wakati femuwea mpya ilipokuwa ikiandikwa. Uliporudi, taa moja ya ruta ikawa inawaka na kuzimika, wala hapana kompyuta iliyopata mtandao. Fedha za kununua nyingine zingalitoka katika fungu la vitabu vya maktaba. Mwalimu wetu wa kompyuta akaturuhusu, mimi na wenzangu wawili, tujaribu kuiponya kwanza.

Yafaa kujua jinsi ruta inavyoamka. Inapopata umeme, huanza programu ndogo ya kuamshia. Hiyo hukagua kumbukumbu, kisha huitafuta femuwea, huikunjua katika kumbukumbu ya muda, na kuikabidhi kazi. Katika ruta nyingi, mtu anapobadilisha femuwea, ile programu ndogo haiguswi, kwa sababu hukaa mahali pake peke yake. Hapo ndipo penye tumaini. Femuwea yaweza kuharibika yote, na mwamshaji akabaki mzima akingoja kupewa nyingine.

Sasa nitaeleza hatua tulizozifuata. Tulianza na zile rahisi, zisizoweza kudhuru kitu.

La kwanza ni kungoja. Ruta nyingine huchukua dakika kadhaa kuandika femuwea, na anayeichomoa kwa haraka ndiye anayeiharibu. Ngoja dakika kumi nzima.

La pili ni umeme. Tazama kibandiko cha adapta: volti zake ziwe sawa na zilizoandikwa kwenye ruta, na ampea zisipungue. Adapta dhaifu huifanya ruta ianze na kuanguka, tena na tena, ikadhaniwa kwamba femuwea ndiyo mbovu.

La tatu ni kitufe cha kurudishia mipango ya mwanzo. Ruta ikiwa inawaka, kibonyeze kwa sekunde 10 hadi 30. Lakini fahamu kwamba kitufe hiki hufuta mipango tu, kama nywila na jina la mtandao. Husaidia ikiwa mipango ya zamani haipatani na femuwea mpya. Femuwea iliyokatika hakiwezi kuiunga. Kwetu hakikusaidia, nasi tukajua kwamba ugonjwa uko ndani zaidi.

La nne ni kuiuliza ruta yenyewe. Unganisha kompyuta moja kwa waya, maana mwamshaji kwa kawaida hajui mtandao wa hewani. Ipe kompyuta anwani kwa mkono, kwa mfano 192.168.1.10, na kinyago cha 255.255.255.0, kisha tumia amri ya ping kuelekea 192.168.1.1, ukiiwasha ruta wakati huohuo. Ruta yetu ilijibu kwa sekunde chache, kisha ikanyamaza. Jibu hilo fupi lilitupa furaha kubwa, kwa kuwa maiti hajibu.

La tano ni kuipelekea femuwea nzima. Njia inayotumika sana ni TFTP, kanuni nyepesi ya kupelekea mafaili, iliyokuwapo tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Ruta nyingine, kama Linksys WRT54G, hungoja kupelekewa faili katika zile sekunde chache za kuamka. Nyingine, kama aina nyingi za TP-Link, huliomba zenyewe kutoka kwa kompyuta yenye anwani 192.168.0.66, tena kwa jina maalumu la faili. Kwa hiyo hapana budi kusoma maelezo ya aina yako. Zaidi ya hayo, tazama toleo lililoandikwa chini ya kisanduku: V1 na V2 huweza kuwa na jina moja huku vipande vya ndani ni mbalimbali. Femuwea ya mwenzake yaweza kuiangamiza.

Yetu ilikuwa ya kungoja. Tulijaribu mara nne kabla ya kuzipata zile sekunde. Faili lilipopokewa, hatukugusa kitu kwa dakika kumi, na taa zote zikawaka kama ilivyo desturi. Fedha za vitabu zikabaki kwa vitabu.

Kama ruta haijibu kabisa, imebaki njia ya fundi: kuifungua na kuunga nyaya za siriali kwenye bodi. Ruta nyingi hutumia volti 3.3 hapo, na kuipa volti 5 huweza kuiunguza. Mwanafunzi asijaribu bila mwalimu.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Kabla ya kubadilisha femuwea, linganisha toleo, hakikisha faili ni zima kwa kupima hesabu yake ya SHA-256 ikiwa mtengenezaji ameitoa, tumia waya, na uunge ruta kwenye betri ya akiba ikiwa umeme wa kwenu hukatika. Nanyi wazazi, ruta ya nyumbani ikizimia, msiitupe siku hiyohiyo. Iulizeni kwanza kama ingali hai.