Nehemia Mbele ya Mfalme: Somo la Kuomba Msaada kwa Kazi ya Afya

Somo la mwezi: Nehemia 1–3. Someni pia Ezra 8:21–34, Luka 14:28–30, 2 Wakorintho 8:16–21.



Katika sharika nyingi za upande wetu wa Songea liko neno linalorudi kila baraza linapokutana. Zahanati i mbali. Au ipo, lakini chumba cha kuzalia kinavuja, maji hayafiki, na mkunga hufanya kazi yake usiku kwa mwanga wa tochi. Ndipo mtu mmoja husema, "Iko mifuko ya hisani itoayo fedha kwa ajili ya afya. Tuiandikie." Wote hufurahi. Barua huandikwa usiku mmoja, ikapelekwa. Baada ya miezi mingi hakuna jibu, au jibu huja kwamba ombi halikukubaliwa. Basi watu hunung'unika wakisema, "Hawatupendi," na wengine husema, "Mungu hakutaka." Ndugu zangu, mara nyingi sivyo. Mara nyingi hatukujua kuomba. Kwa hiyo mwezi huu na tujifunze kwa Nehemia, mtu aliyeomba msaada kwa mfalme mgeni kwa ajili ya mji wa baba zake, akapewa.

Je, kuomba ni kukosa imani?

Wako waulizao kama yafaa Kanisa kuomba fedha kwa watu wasio wa Kanisa. Angalieni Ezra na Nehemia. Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari wa njiani, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumshuhudia mfalme kwamba mkono wa Mungu uko pamoja nao. Akafunga, akaomba, akaenda pasipo askari. Nehemia alikwenda pamoja na maakida wa jeshi na wapanda farasi wa mfalme. Wote wawili walikuwa watumishi wa Mungu, na wote wawili walifika salama. Basi kuomba si dhambi, wala kutokuomba si dhambi. Dhambi i katika kuomba kwa uongo, na katika kutumia vibaya kilichotolewa.

1. Nehemia aliuliza habari kabla ya kuomba.

Hanani alipofika Shushani, Nehemia alimwuliza habari za watu waliosalia na habari za mji. Akajua kilichobomoka, na kilichoteketea kwa moto. Akalia, akafunga, akaomba. Tangu mwezi wa Kisleu hata mwezi wa Nisani ni kama miezi minne, naye hakusema neno mbele ya mfalme. Sisi huandika usiku mmoja.

Yatupasa kuuliza habari za kwetu. Katika kila zahanati viko vitabu vya MTUHA, ambamo mganga huandika wagonjwa, wajawazito, na watoto waliozaliwa. Humo ndimo habari zilimo. Msitosheke na hesabu za nchi nzima. Kwa mfano, uchunguzi wa taifa wa 2015–16 ulikisia vifo 556 vya kinamama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na ule wa 2022 ulikisia 104. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini asomaye ombi lako atasema, "Ikiwa nchi imeendelea hivi, kwenu kuna nini?" Hapo hesabu ya taifa haikujibii, daftari la kijiji chako ndilo lijibulo. Atauliza tena, "Mbona Songea mjini iko hospitali ya rufaa ya mkoa, na Peramiho iko hospitali iliyoanzishwa na Wabenediktini?" Uwe tayari kumweleza mwendo wa njia, na hali yake wakati wa masika, na nauli anayotozwa mama aliyeshikwa na uchungu usiku.

2. Nehemia alimjua yule aliyemwomba.

Alikuwa mnyweshaji wake. Aliijua tabia yake na saa yake. Vivyo hivyo mifuko ya hisani haifanani. Ule wa Wellcome wa London, ulioanzishwa mwaka 1936 kwa wosia wa Henry Wellcome, kazi yake hasa ni utafiti; ukiuomba mabati unapoteza karatasi. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulioanza mwaka 2002, hupokea maombi ya nchi kwa njia ya baraza la taifa. Usharika mmoja hauuandikii peke yake. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilijulikana kwa kupeleka watumishi wa afya mahali palipo mbali. Kwa hiyo kwanza soma maagizo ya mfuko: wasaidia kazi gani, nchi gani, kiasi gani, na tarehe ya mwisho ni ipi. Kama haja yenu si kazi yao, msiigeuze haja ili ifanane na mfuko. Tafuteni mfuko unaofanana na haja.

Nanyi msidhani kwamba jambo hili ni geni katika Kanisa letu. Hospitali ya KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilijengwa kwa njia hiyo. Makanisa yaliungana katika shirika lililoitwa kwa jina la Msamaria Mwema, wakatafuta fedha ng'ambo, wakajenga. Wagonjwa wanatibiwa humo hata leo.

3. Nehemia alisema wazi anachotaka.

Mfalme alipomwuliza, alimwomba Mungu moyoni, kisha akajibu. Hakusema, "Utusaidie chochote." Alitaja muda wa safari yake. Aliomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto. Aliomba barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu, apewe miti, naye akataja ya nini: ya malango ya ngome, ya ukuta, na ya nyumba atakayokaa. Hayo matatu ndiyo mwili wa kila ombi jema: muda, ruhusa, na vifaa.

Ruhusa kwetu ni hii. Usharika hauendi peke yake. Usajili na wadhamini ni wa Kanisa, basi ombi lipite kwa Dayosisi. Mganga Mkuu wa Wilaya apewe habari mapema, maana jengo lisilo na mhudumu ni ghala tupu, na mhudumu na dawa hupangwa katika mipango ya halmashauri. Vifaa viandikwe kimoja kimoja, na bei iliyoulizwa dukani, si bei ya kukisia. Bwana wetu alisema habari za mtu aliyeanza mnara asiweze kuumaliza, watu wakamcheka. Misingi iliyoota majani tunaijua.

Basi andiko lenu liwe na mambo haya kwa utaratibu: sisi ni nani, haja ni nini, na ushahidi wake u wapi, tutafanya nini, ni nani atakayefanya, kwa muda gani, kwa gharama gani, na sehemu yetu ni ipi, tutajuaje kwamba kazi imefaa, na baada ya fedha kwisha, nani ataiendeleza. Kurasa chache zilizo wazi zapita nyingi zenye maneno matamu.

4. Nehemia aliukagua ukuta kwa macho yake.

Alipofika Yerusalemu aliondoka usiku, akauzunguka ukuta, akauona jinsi ulivyokuwa. Hakuongeza bomoko, wala hakupunguza.

Hapa naungama kosa langu. Katika usharika mmoja niliokuwa nikiutumikia zamani, tuliandika ombi la chumba cha kuzalia. Daftari la zahanati lilionyesha kwamba mwaka ule wanawake 31 walijifungulia pale. Mzee mmoja akasema, "Idadi hii ni ndogo, hawatatusikia. Andikeni 120." Nilijua si kweli. Nikanyamaza, nikatia sahihi. Baada ya muda akaja mgeni wa mfuko ule, akanywa chai yetu, kisha akaomba kuliona daftari. Alihesabu mstari kwa mstari kwa kidole chake. Alipomaliza aliniuliza kwa upole, "Mchungaji, nishike ipi?" Sikuwa na jibu. Njia ya mwongo ni fupi, nasi tulikuwa tumefika mwisho wake. Hatukupata kitu, na kwa haki.

Lakini sikilizeni lililoniuma zaidi. Baadaye mkunga aliniambia, "Kama mngeniuliza, ningewaambia: ni 31 kwa sababu chumba ni kibovu. Wengine wote huzalia nyumbani." Kumbe ile idadi ndogo tuliyoionea haya ndiyo iliyokuwa hoja yetu! Kweli ingalituombea, nasi tukaiziba kinywa. Na walioulipia uongo ule si mimi wala yule mzee. Ni wale kinamama waliokaa miaka mitatu mingine bila chumba. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Tulipoandika tena, kwa mfuko mwingine, tuliandika 31, tukaeleza kwa nini. Safari ile tulipata mabati, tangi la maji na vitanda 2. Si yote tuliyoomba, lakini yalitosha kuanza.

5. Watu wa Yerusalemu walijenga kwa mikono yao.

Mfalme alitoa miti. Ukuta aliujenga kila mtu mbele ya nyumba yake. Someni sura ya 3 mwone majina yao: makuhani, mafundi wa dhahabu, wafanya biashara, hata mtu mmoja pamoja na binti zake. Mfuko wa hisani huuliza, "Ninyi mtatoa nini?" Msijibu, "Sisi ni maskini." Matofali, mchanga, maji, siku za kazi, mahindi ya kuwalisha mafundi, yote yana thamani, yaandikeni kwa bei yake. Tena msiandike tofali ambalo halijafyatuliwa kana kwamba lipo.

Na msijenge juu ya fedha za mgeni peke yake. Mwaka 2025, mwezi wa Januari, Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka ule shirika lake la USAID likakoma kazi yake. Katika nchi nyingi kazi za afya zilisimama ghafula, na watumishi wakarudishwa nyumbani. Mgeni aweza kuondoka hata bila kosa lenu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza iwekeni akiba ya matengenezo, ijapokuwa ni sadaka moja kwa mwezi.

6. Fedha zilipimwa mbele ya mashahidi.

Ezra aliwapimia makuhani 12 fedha na dhahabu mbele ya safari, nao walipofika Yerusalemu zilipimwa tena, na uzani wake wote ukaandikwa. Mtume Paulo hakuibeba changizo peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa, asije akalaumiwa. Kama Paulo alijikinga hivyo, mimi na wewe je? Fedha za mradi ziwe na akaunti yake, na watia sahihi zaidi ya mmoja. Kila stakabadhi itunzwe. Fedha za kisima zisinunue vyombo vya kwaya, hata kwa mkopo wa wiki moja. Taarifa ipelekwe kwa tarehe yake, na kama jambo limeharibika, liandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na jina jema likipotea, huzipotezea sharika nyingine pia.

Maswali ya kuulizana katika darasa

Moja: Ezra na Nehemia walitofautiana katika nini, na walifanana katika nini? Pili: Katika kijiji chetu, habari za afya zimeandikwa wapi, na ni nani kati yetu aliyekwisha kuzisoma? Tatu: Ikiwa fedha za ng'ambo zitakoma mwaka huu, ni kazi gani yetu itakayosimama, nasi twaweza kutoa nini? Nne: Mzee akisema, "Andikeni 120," utamjibuje kwa heshima?

Ndugu waalimu, swali hilo la nne msilipite kwa haraka. Mpeni kila mtu nafasi ya kulijibu kwa kinywa chake, ili siku ya kutia sahihi asinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Mungu wa mbinguni, aliyempa Nehemia kibali machoni pa mfalme, awape ninyi nanyi kibali, na kabla ya kibali awape kweli. Amina.