Mwenzako Si Kisima



Sisi tunaoishi huku Gataka na sehemu nyingine za Kajiado hatuhitaji mwalimu wa kutueleza maana ya kiu. Maji tunayanunua. Punda anavuta mkokoteni uliojaa mitungi, na jua likizidi bei nayo inapanda. Visima vingi vilivyochimbwa kwa mashine vinatoa maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, chai inaharibika ladha, na pengine maji hayo yana floraidi nyingi inayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Unakunywa, na bado unatamani maji. Tena wengi wetu tunakumbuka jinsi mvua ilivyokosa misimu mitano mfululizo katika nchi kavu za Kenya, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, na mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya barabara.

Basi kuna kiu nyingine inayoingia ndani ya nyumba polepole, na wanandoa hawaijui jina lake. Wamejaliwa kununua ploti. Wamejenga, wameweka geti na tangi. Watoto wanasoma. Lakini jioni mume na mke wanaketi sebuleni kama abiria wawili waliokutana ndani ya matatu. Mume anasema moyoni, "Mama watoto amebadilika, hanipi amani." Mke naye anasema, "Baba watoto hanioni tena." Kila mmoja anaamini kwamba mwenzake anamnyima kitu fulani kwa makusudi.

Hapo ndipo safari za kutafuta maji zinapoanza. Mume anachelewa kurudi, kwanza kwa bia moja, halafu kwa rafiki ambaye jina lake halitajwi nyumbani. Mke anaanza kwenda kwenye makesha ya mhubiri mpya, na baada ya miezi mitatu mhubiri mwingine, kila mmoja akiahidi muujiza na kila mmoja akiwa na sadaka yake maalumu. Wengine hawaendi popote. Wanafanya kazi tu, mchana na usiku, ili wasipate nafasi ya kuketi kimya.

Niseme jambo moja kabla sijaendelea, ili nisieleweke vibaya. Si kila taabu ya nyumba ni kiu ya roho. Mke anayepigwa hahitaji kuambiwa asali zaidi na avumilie. Anahitaji kuwa mahali salama, kutibiwa, na kusaidiwa na padre, wazazi na serikali. Na njaa ni njaa. Nazungumza na wale ambao mambo yao ni mazuri kiasi, na bado hawashibi.

Mahitaji yetu mengi mwenzi anaweza kuyatimiza: chakula, neno la upole, kitanda chenye upendo, bega wakati wa msiba. Lakini moyo wa mtu umeumbwa na nafasi ambayo hakuna binadamu anayeweza kuijaza. Ukimdai mume wako aijaze, utamlemea hata akiwa mtu mwema. Ukimdai mke wako, atachoka, na wewe utamwita mkaidi. Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili mwaka 2016 katika wosia wake juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, namba 320. Anaeleza kwamba upendo wa ndoa hukomaa pale kila mmoja anapotambua kwamba mwenzake si mali yake, bali ana Bwana aliye mkuu zaidi, na kwamba hawezi kumtegemea mwenzake amtoshelezee kila haja. Kwa maoni yangu, fundisho hili lingepaswa kutolewa kwa wachumba kabla ya kuzungumzia keki na magari.

Nabii Yeremia alitumia mfano ambao mtu wa Kajiado anaufahamu bila kufafanuliwa. Watu wa Mungu waliiacha chemchemi, wakajichimbia mabirika yenye nyufa (Yer 2:13). Ukiwa na tangi lenye ufa unaweza kulipa boza la maji leo, na keshokutwa unalipa tena.

Someni pia habari za mwanamke Msamaria (Yoh 4:5-42). Alikuja kisimani saa sita ya mchana, jua likiwa kali. Alikuwa amekwisha kuwa na waume watano, na aliyekuwa naye hakuwa mume wake. Wahubiri wengi humsema vibaya sana mama huyu. Lakini Injili haisemi kama aliachwa, au alifiwa, au alitoroka. Bwana wetu aliitaja hali yake waziwazi, wala hakumfukuza. Tena ni Yeye aliyetangulia kumwomba maji. Waume watano, na kiu ilikuwa pale pale. Sidhani kwamba wote watano walikuwa wabaya. Walikuwa watu tu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunaye shahidi wa jambo hili, naye alikuwa mtu wa ndoa: Mtakatifu Matia Mulumba, ambaye pia huitwa Kalemba, mmoja wa Mashahidi wa Uganda. Alikuwa mtu mzima mwenye cheo katika jimbo la Singo, mwenye mali na wake kadhaa. Kwa macho ya watu hakupungukiwa na kitu. Lakini alikuwa akimtafuta Mungu. Kwanza alifuata Uislamu, halafu akafundishwa na wamisionari Waprotestanti, na mwaka 1880 akajiunga na wakatekumeni wa Mapadre Weupe. Alibaki na mke mmoja, akabatizwa tarehe 28 Mei 1882. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, mapadre waliondoka Buganda, wasirudi hadi 1885. Fikirini: Mkristo mpya, bila Misa, bila kitubio, karibu miaka mitatu. Matia na wenzake waliendelea kusali na kufundisha majumbani, na Wakristo wa Singo wakaongezeka. Mwezi wa Mei 1886 alikatwa viungo huko Kampala ya Kale na kuachwa afe peke yake. Masimulizi yanasema kwamba watu waliokwenda kukata matete walimsikia akiomba maji, nao wakakimbia kwa hofu. Alikufa na kiu ya mwili, kama Bwana wake msalabani. Ile kiu iliyompitisha katika dini tatu alikuwa ameshapata kinywaji chake, na hakukubali kukiacha.

Sisi tuna kanisa karibu na padre anafika. Kwa nini basi hatunywi? Sababu moja naiona kila Jumapili wakati wa Komunyo. Wapo baba na mama wanaoketi benchini mwaka baada ya mwaka kwa sababu wanaishi pamoja bila kufunga ndoa kanisani. Ukiwauliza, wanasema mahari hayajaisha, au wanangoja pesa za harusi. Ndugu zangu, Kanisa halidai hema, wala suti, wala magari yenye maua. Linataka mfundishwe, ndoa itangazwe, mtoe ridhaa yenu kwa hiari mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Inaweza kufanyika katika Misa ya kawaida ya asubuhi, na baadaye mkanywa chai nyumbani. Kuhusu mahari, wazee wakiketi na kuambiwa ukweli, mara nyingi hukubali deni libaki deni na ndoa ifungwe. Ninyi mliokwisha kufunga ndoa, watembeleeni majirani wa namna hii katika jumuiya yenu. Msiende kuwahukumu. Jitoleeni kuwa mashahidi wao.

Wengine wamefunga ndoa vizuri, lakini miaka imepita bila kitubio. Mtu anaona aibu. Ikiwa unamwonea haya padre wa parokia yako, nenda parokia nyingine, sakramenti ni ile ile. Nimeona nyumba ikibadilika kwa sababu baba mmoja tu alikwenda kuungama kabla ya Pasaka, akarudi akiwa mwepesi wa kuomba msamaha na mezani pia.

Na sala ikiwa kavu? Inatokea. Mtakatifu Mama Teresa wa Kalkuta aliishi miaka mingi bila kuonja utamu wowote katika sala, na watu wengi walilijua hilo barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake. Hata hivyo katika vikanisa vya masista wake yameandikwa karibu na msalaba maneno ya Yesu kwamba ana kiu. Kwa hiyo usiache kusali kwa sababu husikii kitu, wala usimwambie mke wako kwamba imani yake imekufa eti kwa kuwa hasisimki kama yule mama wa makesha.

Jumamosi hii watoto wakishalala, zimeni televisheni na simu. Asomaye vizuri asome Yohane sura ya nne polepole, mwingine asikilize. Kisha kila mmoja amjibu mwenzake: Ni kitu gani nimekuwa nikikudai ambacho huna? Msijibizane wala kujitetea. Mkimaliza, semeni Baba Yetu pamoja, mkalale, ili asubuhi msichelewe Misa ya kwanza.