SOMO: KUYAFUNGA MAJENGO YETU YA ZAMANI YA MADUKA DHIDI YA TETEMEKO LA ARDHI



Chama chenye safu ya maduka ya kupangisha huko Magomeni, Manzese, Tandika au Mbagala hulihesabu jengo lake kuwa akiba ya wanachama. Kodi hukusanywa, rangi hupakwa kila baada ya miaka kadhaa, na mambo huendelea. Ni nadra kamati kuuliza kuta hizo zimeshikamana kwa kitu gani. Somo hili linahusu swali hilo.

Usiku wa tarehe 12 Agosti, 2020, saa 2 na dakika zipatazo 13, tetemeko lenye ukubwa wa 6.0 lilitokea chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Watu wengi walitoka nje mbio. Kwa kuwa jiji halikupata hasara kubwa, wako wanaoamini kwamba matetemeko ni mambo ya Bonde la Ufa na kwamba sisi wa pwani yatupasa kuogopa mafuriko tu. Imani hiyo haina nguvu. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba, 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, yaani dogo kidogo kuliko lile la pwani. Lakini kitovu chake kilikuwa nchi kavu, karibu na makazi ya watu. Zaidi ya watu 15 walifariki, maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata ikabidi kujengwa upya. Mwaka 2020 Dar es Salaam iliokolewa na umbali. Haikuokolewa na uimara wa kuta zake.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi tetemeko linavyoangusha jengo. Upepo husukuma kutoka nje, lakini katika tetemeko ni ardhi inayosogea. Mtazame abiria aliyesimama ndani ya daladala linapoondoka kwa ghafla: miguu huenda na gari, kiwiliwili kikabaki nyuma. Ndivyo ilivyo kwa jengo. Kadiri sehemu ya juu inavyokuwa nzito, ndivyo linavyozidi kujivunja lenyewe. Tangi la maji la lita 5,000 likijaa lina tani 5 za maji, nalo mara nyingi huwekwa juu kabisa, mahali pabaya kuliko pote. Tena ukuta wa matofali hustahimili sana kukandamizwa, bali hauwezi kuvutwa wala kupindwa. Penye mchanga laini wenye maji karibu, kama kandokando ya Bonde la Msimbazi, mtikisiko huongezeka.

Majengo ya maduka yana udhaifu wao wa pekee. Nyuma kuna ukuta mzima. Mbele, upande wa barabara, kuna milango mipana na nguzo nyembamba. Chukua ganda la kiberiti, utoe kisanduku cha ndani, kisha ulisukume kwa kidole ubavuni: hulala upande bila ubishi. Jengo lililo wazi mbele hufanya vivyo hivyo, tena hujipinda, kwa sababu nyuma hushika na mbele huyumba. Iwapo chama kilikubali kuvunja ukuta wa kati ili mpangaji mmoja apate duka kubwa, hatari imeongezwa kwa idhini ya kamati yenyewe.

Kazi ianzie juu, kwa kuwa huko ndiko gharama ni ndogo na faida ni kubwa. Ukuta unaojengwa juu ya lenta ili kuficha bati (siku hizi kila mwenye duka anautaka) husimama peke yake bila kushikwa na chochote, nao ndio wa kwanza kuangukia wapita njia. Katika mji wa Christchurch, New Zealand, tarehe 22 Februari, 2011, watu wapatao 40 waliuawa na kuta za matofali yasiyo na nondo, wengi wao wakiwa barabarani au katika majengo ya jirani. Ukuta huo upunguzwe ubaki kozi moja au mbili, au ushikwe kwa vyuma. Tangi lishushwe kwenye mnara wake.

Kisha itazamwe lenta. Katika majengo mengi ya zamani lenta ipo juu ya milango tu, vipande vipande. Inayotakiwa ni mkanda mmoja wa zege unaozunguka jengo zima, na nondo zake zipinde kona na kupishana na nzake. Nondo inayokomea konani haijafunga kitu. Kenchi nazo zifungwe kwenye mkanda huo kwa bolti au vipande vya chuma. Kuta dhaifu huweza kuvikwa wavu wa chuma na plasta nzito ya saruji, pande zote mbili, wavu wa ndani na wa nje ukiunganishwa kwa vyuma vinavyopenya ukuta. Wavu wa upande mmoja hubanduka.

Upande wa mbele ndio mgumu. Ama ijengwe fremu ya chuma au ya zege kuzunguka milango, ama mlango mmoja uzibwe kwa ukuta wenye nondo. Njia ya pili ni rahisi zaidi, lakini chama hupoteza kodi ya mlango huo, na hapo ndipo mikutano huvunjika. Kwa maoni yetu, kodi hiyo ni ndogo mno kulinganisha na maisha ya wapangaji na wateja wao.

Zege lililojengwa kwa mchanga wa baharini lina chumvi. Nondo hushika kutu, huvimba, na kulipasua. Ligonge kwa nyundo: likitoa sauti ya mtungi wenye ufa, lipu mpya haitaliponya.

Kuhusu kuongeza ghorofa juu ya msingi uliochimbwa kwa ajili ya duka la chini, tunapinga kabisa. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi lililoanguka tarehe 29 Machi, 2013 liliua watu 36, na lile la Kariakoo la tarehe 16 Novemba, 2024 liliua zaidi ya watu 20. Siku hizo ardhi haikutikisika.

Kabla ya kazi, chama kiajiri mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kipate kibali cha Manispaa, na gharama zipitishwe na Mkutano Mkuu. Kazi ifanywe sehemu kwa sehemu ili wapangaji wasihame wote kwa pamoja, na mirunda isimamishwe kabla tofali lolote halijatolewa. Mkataba na fundi useme wazi kwamba zege halitamwagwa kabla mhandisi hajaziona nondo kwa macho yake na kutia sahihi. Malipo ya hatua hiyo yazuiliwe mpaka sahihi hiyo ipatikane.