Mtoto Mdogo na Nasari: Yu Tayari Lini?

Ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani afanyaye kazi Nyeri na kukaa upande wa Tetu, ametuletea swali ambalo twaliona kuwa si lake peke yake. Ana mtoto wa miaka miwili na miezi minane. Watoto wa jirani walio marika yake huonekana kila asubuhi njiani, na mikoba mgongoni na sweta za shule, na mmoja wao amekwisha kujua kuhesabu hata ishirini kwa Kiingereza. Mama wa mtoto aona haya mbele ya wenziwe. Basi ndugu yetu auliza: Je, mwanetu amechelewa? Na mzazi atajuaje kwamba mtoto wake yu tayari kupelekwa nasari?

Tuanze na lililo jepesi. Hakuchelewa. Kwa mpango wa elimu ulioanza kutumika Kenya nzima mwezi wa Januari 2019, masomo ya awali ni miaka miwili tu: mtoto huingia mwaka wa kwanza akiwa na miaka minne, wa pili akiwa na mitano, na Gredi ya Kwanza akiwa na sita. Chini ya hapo hapana daraja ya serikali. Hiyo iitwayo bebi klasi, wanamopelekwa watoto wa miaka miwili na mitatu, ni darasa lililotungwa na shule zenyewe kwa kuwa wazazi walihitaji na walikuwa tayari kulipa. Hatusemi kwamba ni haramu wala kwamba ni ovu. Twasema tu kwamba asiyepeleka mtoto humo hakumpunja mwanawe haki yoyote.

Lililo zito ni hilo la pili, na kabla ya kulijibu yafaa tutazame nasari za milima ile zilitoka wapi, kwani jambo likijulikana asili yake huwa rahisi kulipima. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1954, serikali ya Kiingereza iliwatoa watu wa Nyeri na wilaya za jirani katika miji yao iliyotawanyika mashambani, ikawakusanya katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na kulindwa na askari. Waliohamishwa hivyo katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipita milioni moja. Tetu, iliyopakana na msitu wa Nyandarua, ilikuwa katikati ya msukosuko huo. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni, na wanawake walitolewa kila siku kwenda kufanya kazi ya kulazimishwa, kama kuchimba handaki kandokando ya msitu. Watoto wao je? Ndipo vilipowekwa katika vijiji vile vituo vya kuwakusanyia watoto wadogo mchana, wapate mtu wa kuwatazama na kitu cha kula. Wanaoandika tarikhi ya elimu ya watoto wadogo nchini Kenya huvitaja vituo hivyo kuwa ni mojawapo ya mizizi ya nasari za Waafrika.

Zingatia hapo, ndugu msomaji. Nasari zile hazikuanza kwa sababu mtoto alikuwa tayari kusoma. Zilianza kwa sababu mama hakuwapo. Na hata leo, ukiwauliza wazazi wengi wa Tetu kwa nini wamempeleka mtoto wa miaka miwili na nusu, jibu la kweli ni kwamba mama yumo katika majani ya chai tangu alfajiri, au ana duka mjini, na hapana mtu wa kumwachia. Hiyo ni haja ya haki kabisa, wala hapana anayepaswa kumtweza mama huyo. Lakini ni haja ya kutunziwa mtoto, si ya kusomeshewa. Makosa makubwa tuyaonayo katika jambo hili yatokana na kuchanganya mambo haya mawili. Mtoto apelekwa kwa kuwa mama ana kazi, kisha akifika adaiwa kukaa kitako, kushika penseli na kuimba herufi, na asipoweza aambiwa kwamba ni mzito. Mwenye kutafuta matunzo na atafute matunzo, aulize habari za chakula, usingizi, usafi na huruma ya mlezi, na aache kuuliza mtoto ameandika nini.

Ama kuwa tayari kwa nasari yenyewe, alama zake hazimo katika herufi wala hesabu. Kuhesabu hata ishirini kwa mtoto wa miaka miwili ni wimbo tu. Mwambie akupe maharagwe matatu uone.

Alama ya kwanza, nasi twaiweka mbele ya zote, ni kuachana na mzazi. Watu hudhani kwamba mtoto aliaye mlangoni hayuko tayari na asiyelia yuko tayari. Si hivyo. Khofu ya kuachwa huanza mtoto akiwa na miezi minane au zaidi kidogo, hupanda, kisha kwa watoto wengi hupungua wanapokaribia miaka mitatu. Lakini hata mtoto wa miaka minne huweza kulia asubuhi ya kwanza. La kutazamwa ni lifuatalo baada ya mzazi kuondoka. Je, ananyamaza baada ya muda mfupi, akakubali mkono wa mwalimu, akala, akacheza? Huyo yu tayari, japokuwa alilia. Au anakaa pembeni mpaka adhuhuri, hali wala hagusi kitu, na nyumbani usiku ashtuka na kumng'ang'ania mama? Huyu, ikipita wiki mbili au tatu naye ni vivyo hivyo, arudishwe nyumbani kwa miezi michache bila ya kuhesabiwa kuwa ameshindwa.

Na hapa watu wetu waliohamia bara wana uzito wao wenyewe. Mombasa au Lamu mtoto hulelewa na nyumba nzima: leo kwa nyanya yake, kesho kwa mama mdogo, jioni kwa jirani. Afikapo miaka mitatu amekwisha kuachwa mara mia na kurudiwa mara mia. Kule Tetu mtoto huyo huyo hana ila mama yake na kuta nne, na baridi ya Julai yawafungia ndani wote wawili. Haifai basi siku yake ya kwanza ya kuachwa iwe ndiyo siku ya kwanza ya nasari. Aanze kuachwa saa moja kwa mama wa jirani anayemjua, kisha asubuhi nzima. Wala mzazi asitoroke mtoto akiwa ameghafilika. Amuage, amwambie atarudi wakati wa kula, na arudi wakati huo huo.

Alama ya pili ni choo. Watoto wengi hujizuia mchana baina ya miaka miwili na mitatu, na wengine hukawia zaidi kidogo bila ya kuwa na ila. Twataka mtoto aweze kujua kwamba haja yamjia, aseme, na aweze kushusha nguo yake mwenyewe. Kwa hiyo asivikwe suruali ya vifungo na mshipi. Kuchamba mwenyewe hataweza katika umri huo, na hilo hapana budi liulizwe shuleni waziwazi: ni nani amsaidiaye, na je, chooni mna maji? Aghalabu choo huwa ni cha shimo, na mtoto aliyezoea choo cha nyumbani hukiogopa lile tundu, akajizuia mpaka akajikojolea darasani. Apelekwe akakione siku nyingine, mama akiwa naye.

Ya tatu ni maneno. Mtoto wa miaka miwili huunga maneno mawili. Wa miaka mitatu husema sentensi fupi ambazo hata mtu asiyekuwa wa nyumbani huelewa sehemu kubwa yake. Kipimo chetu ni chepesi: je, aweza kumwambia mgeni mambo manne, kwamba ana kiu, kwamba ataka choo, kwamba mahali fulani pauma, na kwamba fulani amempiga? Hili la nne ndilo wazazi husahau. Mtoto asiyeweza kusimulia alilotendwa asiachwe mikononi mwa watu ambao mzazi hajazijua tabia zao.

Kuna na mambo mengine madogo tutayapitia mbio: kula kwa mkono wake, kuvumilia zamu, kufuata agizo la hatua mbili, kama vile vua viatu uje ukae hapa. Kushika penseli si sharti. Usingizi ni sharti. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limetaja saa 10 mpaka 13 za usingizi katika kila saa 24 kwa watoto wa miaka mitatu na minne, na saa 11 mpaka 14 kwa wa mwaka mmoja na miwili, usingizi wa mchana ukiwemo. Sasa mtoto aamshwaye gizani, akapakiwa juu ya bodaboda katika umande wa Tetu, na usiku hukaa na wakubwa mpaka saa nne, huyo hata awe na akili ya namna gani atasinzia darasani.

Iko na alama moja ambayo hailazimishwi, nayo ni shauku. Marehemu Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, huko huko Tetu, na akaja kuwa mbunge wa Tetu. Shuleni hakuingia ila alipofika kiasi cha miaka minane, na ni baada ya kaka yake kumuuliza mama yao kwa nini Wangari naye haendi kusoma. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza jinsi binamu yake alivyomwonyesha daftari, akaandika kitu kisha akakifuta kwa raba, na jinsi yeye alivyostaajabu na kutamani aweze kuandika na kufuta vivyo hivyo. Mtu mwingine wa Tetu, Dedan Kimathi, aliyezaliwa mwaka 1920, aliingia shule ya Karuna-ini akiwa na umri wa miaka kama kumi na mitano, na baadaye akawa mwalimu. Hatuwataji hawa ili kusifu kuchelewa. Walichelewa kwa sababu ya unyonge wa nyakati zile, na wenzi wao wengi waliochelewa kama wao hawakuingia kamwe. Twawataja kwa ajili ya mama aonaye haya kwa sababu ya miezi kumi na sita.

Wako watakaosema kwamba sisi watu wa pwani tuna desturi ya kumpeleka mtoto chuoni mapema, basi kuna tofauti gani? Tofauti ipo. Mtoto mdogo chuoni alikuwa akikaa ubavuni mwa ndugu yake mkubwa, akisikiliza, akisinzia, akirudi nyumbani apendapo. Hakuna aliyemdai kitu mpaka akue. Hata Swala, iliyo nguzo, umri wa kumwamrisha mtoto ni miaka saba. Na Waislamu wa Mombasa walipoanzisha madrasa za awali katikati ya miaka ya 1980, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mpango uliofika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, waliyaunganisha mafunzo ya dini na michezo, kwa vifuu, mbegu na vizibo vya chupa, kwa kuwa walijua kwamba mtoto wa umri ule hujifunza kwa mikono yake.

Shule nayo yapasa iwe tayari kwa mtoto. Mzazi aende siku ya kazi, si siku ya sherehe, asimame mlangoni robo saa. Ahesabu watoto kwa kila mwalimu. Atazame kama wanacheza au wamepangwa kama magunia. Akiona fimbo juu ya meza, aondoke na mwanawe: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya kumpiga mwanafunzi, na sheria hiyo hiyo yazikataza shule za serikali kumtahini mtoto kwa ajili ya kumpokea, isipokuwa kwa kujua darasa la kumweka.

Aulize pia lugha. Siasa ya serikali ni kwamba watoto wa awali wafundishwe kwa lugha ya mahali pale, na mahali pale ni Kikikuyu, ingawa shule nyingi za kulipia zaanza na Kiingereza. Mtoto wa nyumba ya Kiswahili huenda akanyamaza miezi kadhaa, mwalimu akadhani ni bubu, kumbe yuasikiliza. Yale mambo manne tuliyoyataja afundishwe kwa Kikikuyu kabla hajaingia; watoto wa jirani watamfundisha wakicheza naye mchana warudipo.

Limebaki la masikio. Mtoto aliyefika miaka mitatu naye hasemi ila neno moja moja, katika lugha yoyote, au aitwapo nyuma yake hageuki, huyo hakosi kuwa tayari tu. Mafua ya mara kwa mara katika nchi ya baridi huweza kuacha maji nyuma ya kiwambo cha sikio, mtoto akawa hasikii vyema bila ya mtu kutambua, na aghalabu hutibika. Apelekwe hospitali kubwa ya Nyeri akapimwe sasa, wala isingojewe nasari.