Mwisho wa kiangazi: nguruwe ya pori inabadilisha saa

Ndugu wakulima, somo hili ni la kusomwa kwa sauti katika kikao cha koperative, hasa katika vijiji vya Haut-Katanga na Tanganyika ambako pori la miombo linafika mpaka ku shamba. Linahusu mwezi wa 8, wa 9 na wa 10. Wakati huo majani yamekauka, watu wamekwisha kuchoma pori na kuwinda muda mrefu, na mvua bado kuanguka. Ndio wakati muhogo unaibiwa sana usiku.

Wengi wetu tunawaza hivi: tumewinda kiangazi kizima, nyama zimekimbia, sasa tunaweza kulala. Lakini nyama inayowindwa mara nyingi haihami mbali. Inabadilisha saa. Nguruwe ya pori iliyokuwa inaonekana kandokando ya mto mbele jua halijazama, sasa inangoja giza liingie kabisa, na alfajiri imekwisha kurudi mafichoni. Mtu anapita shambani mchana, haoni kitu, anasema: "Nguruwe zimeisha." Hazijaisha hata kidogo.

Si kwetu tu. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya pamoja habari za aina 62 za nyama kutoka mabara 6. Waliona kwamba pale watu wanapozisumbua, nyama zinaongeza kazi ya usiku. Ile ambayo ingegawa kazi yake nusu mchana na nusu usiku, karibu na watu ilifanya kama asilimia 68 usiku. Kulungu za Marekani zinazowindwa kwa bunduki zinafanya vile vile: mwisho wa msimu zinalala karibu na chakula, zinangoja giza, ndipo zinaingia mu mashamba yaliyovunwa kuokota mahindi yaliyobaki.

Kwetu mambo mawili ndiyo yanaamua njia ya nyama wakati huu: chakula na maficho.

Kwa nsya, ile swala ndogo, chakula si shida kubwa. Moto ukipita, majani mapya yanachipuka, na miti ya miombo inatoa majani yake mbele ya mvua. Nsya inakula hayo pamoja na matunda, na maji yaliyo ndani yake yanaitosha siku nyingi bila kwenda mtoni. Nguruwe ni habari ingine. Yenyewe inachimba kwa pua: mizizi, viazi vya pori, wadudu. Udongo wa kiangazi ni mgumu kama tofali, kwa hiyo inafuata pale udongo uko laini: mushitu, mabonde, na matuta yako ya muhogo. Tena majike yanakaribia kuzaa, juu mengi yanazaa karibu na mwanzo wa mvua. Yanataka kushiba.

Maficho nayo yamepunguka. Majani marefu yameungua, kumebaki vichaka vya kando ya mito. Kikundi kizima kinalala mule mchana, dume kubwa, majike na watoto. Kama shamba lako linapakana na mushitu, umeweka sahani karibu na kitanda chao.

Mbele ya kupanga ulinzi, mjue vizuri mwizi. Nguruwe inapindua udongo na kung'oa shina zima; inaacha mashimo na vipande vya muhogo vilivyotafunwa. Nsya haina meno ya mbele ya juu, kwa hiyo inachana jani, na ukingo unabaki kama kitambaa kilichopasuliwa. Simbiliki inakata shina chini kabisa, kwa mshazari, safi kama kwa kisu. Tumeona watu wakilinda usiku kucha juu ya nguruwe, kumbe mwizi ni simbiliki anayekaa ndani ya majani ya shamba lenyewe. Huyo dawa yake ya kwanza ni kupalilia.

Sasa, saa. Walinzi wengi wanapiga debe jioni, kiisha wanalala wakati nguruwe bado kutoka. Safisheni njia ya mita 2 kati ya shamba na pori. Jioni mkwangue udongo kwa tawi mpaka uwe laini. Mpite saa nne ya usiku, mpite tena saa nane, na tena alfajiri, mkisoma nyayo. Baada ya usiku tano ao sita mtajua nyama inaingia saa gani na upande gani. Hapo watu wawili waliokaa pale wanafaa kuliko kumi waliotawanyika. Mkae upande ambao upepo hauwapelekei harufu yenu, kwa sababu pua ya nguruwe ni kali sana.

Hapa ndipo koperative inaonyesha faida yake. Shamba la mita 50 kwa 50 lina mpaka wa mita 200. Mashamba manne ya namna hiyo, kila moja mahali pake, ni mita 800 za kulinda ao kuzungushia uzio wa miiba. Yakiunganishwa kuwa moja la mita 100 kwa 100, ni mita 400 tu. Udongo ni ule ule, kazi ni nusu. Upande wa mushitu pandeni muhogo mchungu, ule mtamu uwe katikati. Nguruwe inaweza kugusa na mchungu, lakini inapenda mtamu zaidi. (Mchungu usiloweshwe haraka haraka, una sumu.) Na mkivuna kidogo kidogo, anzeni kila mara na mistari ya upande wa mushitu.

Msako wa mchana mu mushitu, na mbwa na kelele, hatuushauri. Unafundisha nguruwe kuogopa mchana tu, na jike lenye watoto linaweza kupasua mbwa, hata mtu. Uwindaji una sheria yake tangu 1982. Muulize ku ofisi ya mazingira ya teritware yenu kama msimu umefungwa.

Jambo la mwisho linawahusu wanaofuga. Nguruwe ya pori inaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuonekana mgonjwa. Nguruwe ya nyumbani ikiishika, karibu zote za zizi zinakufa, na dawa hakuna. Mtu haambukizwi, lakini analeta ugonjwa nyumbani kwa matumbo, ngozi na mifupa ya nyama ya pori. Vitu hivyo vifukiwe mbali, visitupwe jalalani. Na nguruwe zenu zifungwe zizini, mchana na usiku. Katika kikao, kila mfugaji aseme zizi lake liko umbali gani na mushitu.