Vishipa Vidogo vya Moyo na Ugawaji wa Damu

Moyo husukuma damu kwenda mwili mzima, lakini kuta zake ni nene mno kuweza kulishwa na damu ipitayo vyumbani mwake. Hulishwa na ateri mbili zinazochipuka mwanzoni mwa aota. Mtu mzima akiwa amepumzika, ateri hizo hupitisha kiasi cha mililita 250 za damu kila dakika, yaani takriban asilimia 5 ya damu yote inayosukumwa.

Viungo vingi vikihitaji oksijeni zaidi huweza kufyonza sehemu kubwa zaidi ya ile iliyomo katika damu. Moyo hauna akiba kubwa ya namna hiyo, kwani hata wakati wa mapumziko hufyonza asilimia 70 au zaidi. Kwa hiyo mtu anapolima au kupanda mlima, njia kuu iliyobaki ni kuongeza damu yenyewe, hata mara nne au tano.

Kazi hiyo hufanywa na vijiateri, yaani matawi madogo ya ateri ambayo upana wake haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Kuta zake zina misuli laini: ikikaza, tundu hupungua; ikilegea, hupanuka. Kwa kanuni ya Poiseuille, kipenyo kikiongezeka mara mbili na shinikizo likibaki lile lile, mtiririko huongezeka mara 16.

Ni nini kinachoiamuru misuli hiyo? Kwanza, seli za moyo zinapofanya kazi nyingi hutoa kemikali zinazoilegeza, mojawapo ikiwa adenosini. Pili, shinikizo la damu likipanda misuli hukaza, na likishuka hulegea, hivyo mtiririko hauyumbi ovyo. Tatu, upo utando wa seli uliotanda ndani ya mshipa. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Marekani alionyesha kuwa utando huo hutoa kitu kinacholegeza mshipa. Baadaye kilitambuliwa kuwa nitriki oksidi. Yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Sigara, kisukari na shinikizo la juu la damu huudhuru utando huo. Ndiyo maana mgonjwa, hasa mwanamke, huweza kuumwa kifua ilhali picha za ateri zake kubwa hazionyeshi kizuizi chochote. Vijiateri havionekani katika picha hizo. Maumivu hayo basi yasidharauliwe, bali yachunguzwe na kutibiwa.